Kisa cha navigeta Mwafrika aliyetunguliwa juu ya Ujerumani 1943: alichoamua mwenyewe na alichoamuliwa

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha mtu mmoja na kilitokea kweli. Nimetoa jina lake, namba yake ya jeshi, kikosi chake na koloni aliyotoka, nitamwita N. tu, ila yaliyompata nimeyaacha kama yalivyo. Alikuwa kijana wa Afrika Magharibi, navigeta kwenye ndege ya mabomu ya RAF yaani jeshi la anga la Uingereza, ndege yao ikatunguliwa Novemba 1943, akakamatwa akakaa mateka mpaka Mei 1945.

Visa kama hivi mara nyingi vinasimuliwa kwa njia mbili, ama jamaa alikuwa shujaa sana ama Mungu alikuwa hajamwita bado, basi, na zote mbili hazimfundishi mtu kitu. Mimi nataka tukichambue hatua kwa hatua, tuone pale alipokuwa na uamuzi aliamua nini na kwa nini, na pale ambapo hakuwa na uamuzi wowote nani alikuwa anamwamulia. Sisi huku tumezoea zaidi habari za wazee wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma, hawa Waafrika wa angani hatuwazungumzii sana na ni haki yao wazungumziwe.

Usuli

Kabla ya vita RAF haikuchukua mtu mweusi kuwa ofisa, sharti lilikuwa uwe na asili safi ya Ulaya, liliandikwa hivyo hivyo bila kuficha. Oktoba 1939, mwezi mmoja baada ya vita kuanza, sharti likasimamishwa kwa muda wa vita, mlango ukafunguka kwa watu wa Karibiani na Afrika Magharibi. N. akaingia. Alishasoma alichokiandika Hitler mwenyewe kuhusu watu weusi, kwa hiyo hakwenda kwa kufuata mkumbo wala kwa kulipwa, alijua kabisa huyu mtu akishinda sisi tutakuwa nini. Hilo lishike, kwa sababu baadaye atasimama mbele ya askari wa Hitler huyo huyo akiwa na damu tumboni.

Wakamfundisha unavigeta. Navigeta ndo anayepiga hesabu za njia, anakaa kwenye kimeza kidogo nyuma ya pazia ili taa yake isionekane nje, ana ramani, penseli, saa na dira, anahesabu kasi, upepo na muda, anamwambia rubani geuka digrii kadhaa sasa hivi. Kulikuwa na chombo kinaitwa Gee kinachopokea mawimbi ya redio kutoka Uingereza, kinasaidia sana mwanzoni mwa safari, ila ukishaingia bara Wajerumani wanakivuruga na unabaki na hesabu zako. Upepo ukibadilika na usijue, ndege nzima yenye watu saba inaenda kwingine.

Sasa hatari yenyewe. Kwenye Bomber Command, kitengo cha ndege za mabomu cha RAF, walihudumu watu wapatao 125,000 angani kwa vita nzima, wakafa 55,573, karibu nusu. Waliokamatwa mateka walikuwa 9,838. Zamu ya kwanza ilikuwa safari 30 ndo upumzishwe, na ukichukulia kwamba kila safari wanapotea watano kwa mia, ukipiga hesabu mpaka safari ya 30 kati ya watu mia wanabaki kama 21. N. alikuwa ameshapita safari 20 na zaidi. Kila mmoja pale kambini alikuwa anaijua hii hesabu hata kama haisemwi mezani.

Na ndege yake ilikuwa Stirling. Stirling ilikuwa ya kwanza kwenye zile ndege kubwa za injini nne za Uingereza, ngumu, inageuka vizuri, lakini mabawa yake mafupi hayakuweza kuipandisha juu. Lancaster, ndege nyingine ya mabomu ya injini nne, zinapita futi 20,000 na zaidi, Stirling ikiwa imejaza mabomu inahangaika kwenye futi 16,000 au chini ya hapo. Maana yake mizinga ya chini inakufikia vizuri zaidi, ndege za adui zinakuona wewe kwanza, na wakati mwingine hata mabomu ya wenzako walioko juu yanaweza kukudondokea.

Usiku wenyewe

Usiku wa tarehe 18 Novemba 1943 RAF ilituma makundi mawili makubwa kwa wakati mmoja. Lancaster 440 zikaenda Berlin, na ndege 395, nyingi zikiwa Halifax na Stirling, zikaenda Mannheim na Ludwigshafen kule kusini magharibi mwa Ujerumani. Lengo la kugawanya lilikuwa kuwachanganya Wajerumani, ndege zao za usiku zisijue ziende wapi. N. alikuwa kwenye hili kundi la pili.

Wakiwa kama futi 16,000 ndege za kivita za Wajerumani zikawatokea bila dalili yoyote, zikawamiminia risasi ubavuni, moto ukashika, kisha taa kubwa za kumulika kutoka chini zikawanasa, na ukishanaswa na zile taa kila mzinga wa jirani unakugeukia wewe. Vipande vya chuma vikapenya kutoka chini, kimoja kikamchana tumbo na ubavu, kingine kikapita kwenye kiti chake kikamwingia kwenye kinena. Akasikia rubani anaamuru watu waruke.

Hapa watu wengi wanasoma haraka haraka kana kwamba kuruka ni kufungua mlango tu. Fikiria giza, ndege inawaka na inazunguka, umevaa nguo nzito na bomba la oksijeni na waya wa masikioni, umejeruhiwa, na tundu la kutokea ni dogo. Watafiti wa Bomber Command yenyewe walikokotoa kwamba kwenye Halifax na Stirling zilizotunguliwa ni karibu robo tu ya watu walitoka wakiwa hai, na Lancaster ilikuwa mbaya zaidi, kama asilimia 15. Kwa hiyo N. kufika tu kwenye mwamvuli, anatoka damu, tayari alishakuwa kwenye kundi dogo.

Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa huo, kuruka mara moja amri ilipotoka. Hakusubiri kuona kama moto utazimika. Baadhi ya waliokufa kwenye zile ndege walikuwa wazima wakati ndege inawaka, ila walichelewa sekunde chache, ndege ikiingia kwenye mzunguko ule mkali unabanwa ukutani na huwezi hata kunyanyua mkono.

Kwenye ghala la mkulima

Akatua kwenye ardhi ya Ujerumani yenyewe, na hili lina uzito wake. Mtu wa anga akidondoka Ufaransa, Ubelgiji au Uholanzi alikuwa na nafasi, kule kulikuwa na raia wanaowaficha kwa kuhatarisha maisha yao, na mtandao kama ule wa Comet ulikuwa unawavusha watu kutoka Ubelgiji mpaka Hispania. Ndani ya Ujerumani hakuna wa kumgongea mlango.

Akajificha kwenye ghala, nyuma ya nyasi kavu. Mafunzo yalikuwa yanasema hivyo, ukitua zika mwamvuli, jifiche, subiri giza, tembea usiku. Lakini mafunzo yale yaliandikwa kwa mtu anayeweza kuvaa koti la mkulima akapita barabarani bila watu kugeuka. N. alikuwa mweusi, mrefu kupita kiasi, zaidi ya futi sita na nusu ukihesabu na buti, na ana majeraha. Hata angepona majeraha ndani ya siku mbili asingeweza kupanda treni ya Ujerumani 1943 bila kila mtu kwenye behewa kumwangalia.

Wanajeshi wakaingia. Hawakuuliza kitu, wakaanza kupiga ghala zima kwa bunduki za rashasha. Hapo N. akafanya uamuzi wake wa pili, akajitoa. Akatoka mbele yao.

Wale Wajerumani wakaganda. Kwa maelezo yake mwenyewe hawakuamini macho yao, mtu mweusi, na tena ofisa, na yeye aliamini kabisa kwamba ule mshangao ndo uliomwokoa asipigwe risasi palepale. Walisimama tu wanamtazama.

Kwa nini kujitoa ilikuwa sahihi, na kwa nini ilikuwa hatari kuliko kwa wenzake

Hapa nitakaa kidogo.

Kujitoa kwa Wajerumani kwa mtu mweusi haikuwa jambo la kuinua mikono na kusubiri chai. Juni 1940 Ufaransa ilipoanguka, wanajeshi wa Kiafrika wa jeshi la Kifaransa, wale tirailleurs, waliuawa baada ya kujisalimisha. Pale Chasselay karibu na Lyon walitengwa na Wafaransa weupe, wakapelekwa shambani wakapigwa risasi na wengine kukanyagwa na vifaru, na Chasselay ni sehemu moja tu, yalitokea na sehemu nyingine mwezi uleule. Kwa hiyo mtu anayesema N. angejitoa mapema tu ajue kwamba kulikuwa na mfano wa kutisha miaka mitatu nyuma.

Upande wa pili, kuendelea kujificha nako kulikuwa na kifo chake. Agosti 1943 Himmler, mkuu wa SS na polisi wa Ujerumani, alitoa agizo kwamba si kazi ya polisi kuingilia kati pale raia wa Kijerumani wanapowashambulia watu wa anga waliodondoka. Yaani serikali iliwaambia raia, fanyeni mnachotaka. Na miji ilikuwa imeungua, Hamburg ilikuwa imeteketezwa Julai ile ile, watu wamezika watoto wao, hasira ilikuwa ya kweli. Mwaka uliofuata, Agosti 1944, pale Rüsselsheim Wamarekani wanane waliokuwa wanapitishwa mtaani wakiwa mateka walipigwa na wakazi kwa mawe na marungu, sita wakafa.

Kwa hiyo swali sahihi la kuuliza siyo ajitoe au asijitoe, ni ajitoe kwa nani. N. alijitoa mbele ya watu waliovaa sare, wakiwa chini ya amri, na yeye mwenyewe akiwa na sare yake na alama za cheo chake zinaonekana. Kama angevua sare atafute nguo za kiraia kule ghalani, kitu ambacho mtu mwenye hofu anaweza kukifikiria haraka sana, angeweza kuhesabiwa jasusi na Mkataba wa Geneva wa kulinda mateka usingemlinda tena. Kubaki na sare ndo ulikuwa uamuzi wake wa tatu. Hauonekani kwa sababu ni jambo ambalo hakulifanya, na mimi naupa uzito kuliko yote.

Kuhojiwa

Njia ya kawaida ya mateka wa anga ilipita Oberursel, karibu na Frankfurt, kwenye kituo cha mahojiano cha Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, kilichoitwa Dulag Luft. Nitaeleza jinsi mfumo ulivyofanya kazi kwa sababu ukiujua ndo unaelewa mateka wa wakati ule walikuwa wanapambana na nini.

Kwa Mkataba wa Geneva wa 1929 mateka alilazimika kutaja jina lake la kweli na cheo, au namba yake ya jeshi. Basi. Wajerumani wakawaweka mmoja mmoja kwenye vyumba vidogo, wakati mwingine wanawasha joto mpaka mtu anavua nguo zote, kisha wanazima. Halafu anakuja mtu mpole, anajitambulisha kama mwakilishi wa Msalaba Mwekundu, ana fomu. Fomu inaanza vizuri, jina, mama yako anaishi wapi ili tumjulishe uko hai, na ukiteremka chini inauliza kikosi chako, uwanja wako, aina ya mabomu. Fomu ilikuwa ya uongo. Na wahoji wengine walikuwa na Kiingereza safi, wanakupa sigara, wanakutembeza nje, wanakutajia jina la kamanda wako na baa mnayokunywa, mpaka unajiambia hawa wanajua kila kitu, sasa nikinyamaza nasaidia nini.

Mbinu hii iliwapa matunda mengi kuliko kipigo. Anayepigwa anajua yuko kwa adui. Aliyeandaliwa chai, baada ya usiku aliowaona wenzake wakiungua, anataka tu kuongea na binadamu. Kila kipande kidogo kiliwekwa kwenye faili, na faili lile ndo lilitumika kumshangaza mateka anayefuata. Kwa yeyote anayefundisha watu kuhusu kuhojiwa nadhani hili ndo la kusisitiza, na linafundishwa kidogo mno ukilinganisha na masomo ya kuvumilia maumivu.

Kambini Barth

N. akapelekwa Stalag Luft I, kambi ya maofisa wa anga pale Barth, Pomerania, pwani ya Bahari ya Baltiki. Ilikuwa ya Luftwaffe. Seng'enge mara mbili, minara ya walinzi, vibanda vya mbao, kuhesabiwa asubuhi na jioni, baridi ya bahari. Kwa mkataba ofisa halazimishwi kufanya kazi, kwa hiyo adui mkubwa alikuwa njaa na siku ndefu zisizo na kitu. Vifurushi vya Msalaba Mwekundu ndo vilikuwa tofauti kati ya kuishi na kudhoofika, na miezi ya mwanzo ya 1945 vilipokatika watu walikonda vibaya.

Kulikuwa na redio za kuficha, watu wanasikiliza BBC usiku kisha habari zinaandikwa kwenye kigazeti cha siri kilichoitwa POW WOW kinachopita kibanda hadi kibanda, kinasomwa na kuchomwa. Mahandaki yalichimbwa mengi sana, zaidi ya mia, ila udongo wa pale ni mchanga na maji yako karibu, ukichimba chini kidogo tu unakuta maji, kwa hiyo handaki linabaki juu juu, na Wajerumani walikuwa wamefukia vinasa sauti ardhini wanasikia majembe.

Sasa uamuzi wa nne wa N. Kila ofisa alifundishwa kwamba wajibu wake ni kujaribu kutoroka. N. aliangalia hali yake akasema wazi kwamba mtu mweusi wa urefu wake hafiki mbali Pomerania. Badala ya kuishia hapo akaingia kwenye kamati ya kutoroka, akawasaidia wengine watoke.

Jambo hili nimelifikiria mara nyingi. Kuna watu ambao wangejaribu kwa ajili ya heshima tu, ili wasionekane waoga, na kuna wengine wangesema basi mimi hainihusu wakalala. Yeye hakufanya lolote kati ya hayo. Na ujue kujaribu kulikuwa kunaua. Machi 1944 kwenye kambi nyingine, Stalag Luft III kule Sagan, walitoka watu 76 kwa handaki, 73 wakakamatwa, na kwa amri ya Hitler 50 wakapigwa risasi. Baada ya hapo Wajerumani walibandika matangazo kambini wakisema kutoroka si mchezo tena. Kama wale 50, wazungu watupu, waliishia hivyo, N. akishikwa peke yake barabarani na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, asingekuwa na chochote cha kumlinda.

Kitu kingine kinachowashangaza watu nikiwaeleza, kwenye kambi hizi za Luftwaffe maofisa weusi waliishi vibanda vimoja na wazungu. Marubani weusi wa Marekani, wale wa Tuskegee, nao walipotunguliwa walikaa hivyo hivyo, wakati jeshi lao wenyewe nyumbani lilikuwa linawatenga kwa rangi kwenye kambi na vikosi. Ila msiwape Wanazi sifa kwa hili. Januari 1945 pale pale Barth, maofisa Wayahudi wa Kimarekani walitengwa na kuwekwa kwenye vibanda vyao peke yao, na kila mtu alielewa maana yake inaweza kuwa nini. Na hapo hapo Barth, nje ya kambi ya maofisa, kulikuwa na kambi ndogo ya mateso chini ya ile kambi kubwa ya Ravensbrück, watu wanafanyishwa kazi kiwanda cha ndege cha Heinkel mpaka wanakufa. Mji ule ule.

Mwisho wa kambi

Aprili 1945 Warusi wanakaribia. Wajerumani walikuwa wanazihamisha kambi nyingi kwa miguu kuelekea magharibi, Sagan walishatembezwa kwenye theluji mwezi Januari, na amri ya kuhama ikafika Barth pia. Mkuu wa mateka, kanali wa Kimarekani Hubert Zemke, akamwambia kamanda wa Kijerumani kwamba watu wake hawatoki, na kwamba wakilazimishwa watapigana. Wakakubaliana Wajerumani waondoke kimyakimya. Usiku wa tarehe 30 Aprili walinzi wakaondoka, mateka wakaamka minara iko tupu, na wakajilinda wenyewe mpaka Warusi wakaingia mwanzoni mwa Mei. Karibu watu 9,000 walikuwa ndani. Katikati ya Mei ndege za Kimarekani za B-17 zikaja kuwabeba.

N. alikumbatiwa na ofisa wa Kirusi akapewa vodka. Ofisa huyo huyo akamchukua mjini, na huko N. akaona wanajeshi wanapora, mwanamke wa Kijerumani analia wamemchukulia kila kitu chake. Akataka kumsaidia. Yule ofisa akamwelekezea bastola kichwani akamwambia asiingilie. Mtu aliyetoka mateka muda mfupi tu, wa rangi ambayo taifa la yule mama lilikuwa linaidharau kwa sheria na kwa mafundisho ya shuleni, jambo la kwanza alilotaka kufanya na uhuru wake ni hilo. Nikisoma hapa huwa nasimama.

Alirudi Uingereza, akasomea sheria, akarudi kwao Afrika kufanya kazi hiyo na akafika ngazi za juu sana.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Upande wake binafsi, kilichofanya kazi ni kwamba kila mara aliisoma hali yake yeye, siyo hali ya mtu wa wastani aliyeandikiwa kitabu cha mafunzo. Ghalani alifuata kitabu mpaka kilipoacha kumfaa, risasi zilipoanza kupita kwenye nyasi akakiacha. Kambini hakukifuata kabisa kwenye suala la kutoroka, akatafuta sehemu ambayo urefu wake na rangi yake havina madhara, chumbani ambako mipango inapangwa.

Lakini ukiniuliza nini hasa kilimweka hai miezi 18, nitakujibu ni kulipizana. Uingereza na washirika wake walikuwa wanawashikilia Wajerumani wengi, marubani wa Luftwaffe wengi walikuwa kambini Canada, na Luftwaffe ilijua kwamba inachowafanyia maofisa wa RAF kinaweza kuwarudia watu wake. Uswisi ilikuwa inakagua kambi kama nchi mlinzi, yaani nchi isiyo upande wowote inayosimamia haki za mateka. N. alikuwa amevaa sare ya nchi yenye kitu cha kubadilishana. Warusi hawakuwa na bahati hiyo, kwa wafungwa wa vita wa Kisovieti kama milioni 5.7 waliokamatwa na Wajerumani, zaidi ya milioni 3 walikufa kwa njaa, baridi na risasi, mikononi mwa dola ile ile, miaka ile ile. Wale tirailleurs wa 1940 nao walikuwa na mkataba ule ule wa Geneva, ila jeshi lao lilikuwa linavunjika siku zile zile na hakukuwa na wa kuwadai.

Kwa hiyo anayefundisha kisa hiki asiseme mkataba ulimlinda akaishia hapo. Karatasi ya N. na ya wale tirailleurs ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni nani yuko nyuma yako siku unayokamatwa.

Uchambuzi: kilichofeli

Mafunzo ya kujificha yalifeli kwake kabla hata hajapanda ndege. RAF ilifungua mlango 1939, ikachukua vijana weusi, ikawapa ramani za hariri na somo lile lile la kujifanya mwenyeji. Watu hawa walihitaji somo lao, kwamba wewe ukidondoka Ujerumani usitegemee kutembea, tafuta wanajeshi kabla raia hawajakupata, sare usiitoe, cheo chako kionekane. Ghala lile lilikaribia kumuua kwa sababu hiyo. Dakika chache zaidi nyuma ya nyasi na tusingekuwa na kisa.

La pili ni ule mpango wa usiku wenyewe. Kugawanya makundi kulifanya kazi kwa upande mmoja: kati ya Lancaster 440 zilizokwenda Berlin zilipotea 9, kama mbili kwa mia. Kati ya ndege 395 za Mannheim zilipotea 23, karibu sita kwa mia, na ukizichukua Stirling peke yake, zilitoka 114 zikapotea 9, karibu nane kwa mia. Maana yake ndege dhaifu ndo zilivuta adui ili ndege bora zipite. Sisemi waliopanga walikaa wakataka hivyo, kugawanya nguvu za adui ni mbinu halali kabisa ya vita, ila udhaifu wa Stirling haukuwa siri, wakuu walikuwa wanaona hasara zake miezi mingi nyuma na bado waliendelea kuzituma kwenye anga lile lile.

Usiku wa tarehe 22 Novemba wakatuma Stirling 50 Berlin, 5 hazikurudi. Baada ya hapo Stirling hazikutumwa tena kushambulia Ujerumani. Ni siku nne tangu N. aruke.